Shaaban Robert: Karani wa Mpwapwa aliyewapa majini na wafalme maisha mapya kwa Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

JINA la Shaaban Robert hutajwa zaidi pamoja na Tanga, alikozaliwa na kufariki dunia, na Pangani, alikofanya kazi akiwa kijana. Ni wachache wanaokumbuka kuwa gwiji huyo wa fasihi ya Kiswahili aliwahi kuwa mkazi wa nyanda za kati za Tanzania, alipotumikia ukarani Mpwapwa, katika Mkoa wa Dodoma wa leo, kati ya mwaka 1944 na 1946.

Miaka miwili ni muda mfupi katika maisha ya mtu aliyeishi miaka 53. Hata hivyo, miaka hiyo inaangukia mahali muhimu katika safari yake. Kabla yake alijulikana kwa mashairi. Baada yake zilitoka hadithi zake za kubuni zilizosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, ikiwamo Kusadikika na Adili na Nduguze.

Katika hadithi hizo Shaaban Robert alifanya kazi ambayo siku hizi huwashughulisha watunzi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Alimchukua mhusika wa ajabu aliyezaliwa katika masimulizi ya watu wengine, akampa jina jipya, tabia inayoonekana wazi na mtihani wa kuvuka, kisha akamkabidhi kwa hadhira mpya. Swali alilolikabili ndilo linalowakabili watunzi hao hadi leo: ni kipi kinaweza kubadilishwa kwa mhusika, na ni kipi kikiondolewa mhusika huyo hufa?

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Jina la Robert, ambalo limewafanya wengi wamdhanie kuwa Mkristo, lilikuwa la baba yake, Robert Ufukwe. Shaaban mwenyewe alikuwa Mwislamu. Familia yake ilikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alikua na kuishi kama Mswahili wa pwani.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926 na kushika nafasi ya pili kati ya wanafunzi 11 waliohitimu. Hiyo ndiyo elimu ya darasani aliyoipata. Mengine yote aliyoyajua, kuanzia historia hadi tungo za Omar Khayyam alizozitafsiri kwa Kiswahili, aliyapata kwa kujisomea baada ya saa za kazi.

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza, kazi aliyoifanya Pangani na katika vituo vingine hadi mwaka 1944. Kutoka hapo alihamishiwa Idara ya Mifugo, Mpwapwa. Mwaka 1946 alirejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya utawala, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi mjini humo.

Kwa hesabu hiyo, mtu ambaye leo anaitwa baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa alitumia miaka 34 akiandika barua, hesabu na kumbukumbu za watu wengine. Vitabu vyake viliandikwa katika muda uliobaki.

Mpwapwa aliyoikuta haikuwa kijiji kilichojificha. Mji huo, ulio umbali wa takriban kilometa 120 kutoka Dodoma mjini, ulikuwa kituo maarufu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Wapagazi, wafanyabiashara wa pembe za ndovu, wamisionari na wapelelezi wa Kizungu walipumzika hapo kwa ajili ya maji kabla ya kuikabili nchi kavu ya Ugogo.

Reli ya Kati ilipokamilika, misafara ilikwisha, na kituo cha karibu cha treni kikawa Gulwe. Mpwapwa ikabaki na umaarufu wa aina nyingine: shule, ualimu na utafiti wa mifugo. Kwa mtu wa pwani, aliyezoea minazi na mashua, nchi ya mibuyu na ng'ombe ilikuwa ulimwengu mwingine, wenye wenyeji ambao bado walikumbuka njaa kuu ya Mtunya iliyowaua Wagogo wengi kati ya mwaka 1917 na 1920.

Idara aliyoitumikia ndiyo iliyokuwa ikiendesha pale kazi ya miaka mingi ya kuzalisha ng'ombe wa aina mpya. Ng'ombe wa kienyeji walichanganywa na damu ya Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi, pamoja na damu ya ng'ombe wa Ulaya. Lengo lilikuwa kupata mnyama anayetoa maziwa mengi zaidi lakini anayestahimili ukame na magonjwa ya nyanda za kati. Matokeo yake ni ng'ombe anayejulikana hadi leo kwa jina la Mpwapwa.

Kanuni ya wafugaji hao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza: mbegu ya mbali haina faida isipoweza kuishi katika malisho ya hapa. Karani wa idara hiyo aliitimiza kanuni hiyohiyo katika hadithi.

Miaka aliyokaa Mpwapwa ilikuwa pia miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika kipindi cha vita Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, akisimulia mapigano ya mataifa tangu mwaka 1939 hadi 1945. Utenzi huo ulichapishwa baada ya kifo chake.

Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, nyanda hizohizo zilishuhudia jambo lililofanana na ngano. Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, jirani na Mpwapwa, kwa imani kuwa matrekta yangeigeuza nchi kavu kuwa shamba la mafuta ya kula. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutosha, na Januari 1951 mradi huo ulisitishwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Ni katika mwaka huohuo wa 1951 kitabu cha Kusadikika kilipotoka. Kinasimulia habari za nchi iliyo angani, ambayo watawala wake wanaamini kuwa kila jambo jema tayari wanalo na kuwa hakuna la kujifunza kutoka kwingine.

Mhusika mkuu, Karama, anashitakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama hana jeshi, mali wala ndugu serikalini. Silaha yake ni moja tu: anapewa nafasi ya kujitetea, naye anaitumia kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini.

Wajumbe hao, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, walirudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, lakini badala ya kushukuriwa walitiwa gerezani. Kadiri Karama anavyosimulia, ndivyo baraza linalomhukumu linavyojikuta lenyewe likihukumiwa. Mwishoni anaachiwa huru, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Wasomaji wa Tanganyika hawakuhitaji kuelezwa nchi hiyo ya angani ilikuwa ipi. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali iliyotawala bila ridhaa ya watawaliwa, na hadithi ya mtu anayeshitakiwa kwa kuwafundisha wenzake sheria isingeweza kuandikwa waziwazi na karani huyo. Sura ya ngano ndiyo iliyokipitisha kitabu chake.

Mwaka uliofuata, 1952, kilitoka Adili na Nduguze. Hapo ndipo ustadi wake wa kuwahamisha wahusika unapoonekana kwa urahisi zaidi, kwa sababu chanzo kinajulikana. Kiini cha kisa hicho kimo katika Alfu Lela Ulela, mkusanyiko wa masimulizi ya Kiarabu ambao wasomaji wa Kiswahili walikwisha kupata sehemu zake katika vitabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1920.

Katika masimulizi ya Kiarabu, mhusika ni Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra chini ya Khalifa Harun al-Rashid. Mjumbe wa khalifa anagundua kuwa kila usiku liwali huyo huwachapa mbwa wawili, kisha huwafuta machozi na kuwalisha. Inabainika kuwa mbwa hao ni kaka zake, Nasir na Mansur, ambao binti wa mfalme wa majini aliwageuza kuwa wanyama kwa sababu walijaribu kumuua ndugu yao.

Shaaban Robert aliuchukua mfupa wa kisa hicho na kuuvika nyama nyingine. Basra ikawa Janibu, na Baghdad ikawa Ughaibuni. Harun al-Rashid akawa Mfalme Rai. Mjumbe akawa Ikibali, jini akawa Huria, na mbwa wakawa manyani. Liwali akaitwa Adili, na ndugu zake wakaitwa Hasidi na Mwivu.

Mabadiliko ya majina yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Nasir na Mansur ni majina ambayo mtu yeyote anaweza kupewa, na hayasemi lolote kuhusu mwenye nalo. Hasidi na Mwivu ni tabia zilizopewa miguu. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kila mmoja amebeba nini, na kinachobaki ni kuona mzigo huo utamfikisha wapi.

Badiliko kubwa zaidi liko mwishoni. Katika masimulizi ya Kiarabu, Nasir na Mansur wanarudishiwa umbo la binadamu, wanamshambulia tena ndugu yao kwa nia ya kumuua, na hatimaye wanauawa kwa amri ya khalifa. Mwovu hubaki mwovu, na dola hufunga hesabu.

Kwa Shaaban Robert, ndugu hao wakisharudi kuwa watu, hadithi inakwenda kwenye toba, msamaha na upatanisho. Adili, aliyelazimishwa na Huria kuwachapa kila usiku la sivyo achapwe yeye, ndiye anayetaka waokolewe. Mwandishi aliyabakiza majini, safari za baharini na mji wa watu waliogeuzwa mawe. Hukumu ndiyo aliyoigeuza.

Alichokigusa hapo ndicho kiini cha kazi ya kumhamisha mhusika, na linganisho linaweza kupatikana mbali na Uswahilini. Mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Haufanani na bao wala karata. Marafiki huketi kuizunguka meza, kila mmoja akiwa mhusika fulani, huku mmoja wao akisimulia ulimwengu wanamopita. Mchezaji huamua mhusika wake afanye nini, na dadu huamua kama atafaulu.

Kila mhusika huandikwa kwenye karatasi kwa sifa sita zenye namba: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Sifa ya mwisho kwa Kiingereza huitwa kwa neno la asili ya Kigiriki, karisma, ambalo maana yake ya awali ni kipawa alichojaliwa mtu. Mswahili mwenye kutafuta neno moja la kulitafsiri hana haja ya kwenda mbali: ni karama, jina lilelile ambalo Shaaban Robert alikwisha kumpa shujaa wake wa Kusadikika zaidi ya miaka 20 kabla ya mchezo huo kuzaliwa.

Watunzi wa mchezo huo nao walichota kwa waandishi waliowatangulia. Walichukua viumbe vingi vya J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Wenye haki za kazi zake walipolalamika, wale watu wafupi aliowaita hobbit walilazimika kupewa jina jingine katika mchezo. Kitabu chao kimoja cha mwaka 1980 kiliwapa namba hata mashujaa wa Michael Moorcock na Fritz Leiber, na sehemu zake mbili ziliondolewa katika matoleo yaliyofuata kutokana na suala la haki.

Kumpa mhusika namba ni kazi nyepesi, na hapo ndipo kosa huanzia. Shujaa wa vitabuni akigeuzwa kuwa jumla ya nguvu na silaha zake, anafanana na kila shujaa mwingine mwenye namba kama zake. Kinachomtofautisha ni uamuzi anaolazimika kuufanya, na hasara anayokubali kuipata kwa ajili ya uamuzi huo.

Wahusika wa Shaaban Robert wanalithibitisha hilo. Karama akiwekwa katika mchezo wa mapanga hatapita hata mlango wa kwanza. Mchezo unaomfaa ni ule unaowapa wachezaji baraza la kulishawishi, siku za kujitetea zinazohesabika, na kisa kimoja kwa kila mjumbe aliye gerezani. Kosa la ulimi liwe na bei, na bei hiyo ilipwe na watu sita zaidi ya msemaji.

Adili naye hahitaji upanga. Anachohitaji ni usiku. Kila jua linapozama, mchezaji achague: awachape ndugu zake waliotaka kumuua, au awahurumie na kuipokea adhabu yeye mwenyewe. Mchezo ukiondoa uchaguzi huo na kumwachia Adili mali na meli zake, jina litakuwa lake, lakini mtu atakuwa mwingine.

Shaaban Robert aliendelea kuunda watu wa aina hiyo. Katika Kufikirika, hadithi ambayo wataalamu huweka uandishi wake katikati ya miaka ya 1940, mfalme mwenye kila kitu hana mrithi. Anapompata na mtoto akaugua, waganga wanataka mjinga mmoja na mwerevu mmoja watolewe kafara. Katika Utubora Mkulima, mhusika anaiacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Aliandika pia wasifu wa mtu wa kweli, mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950, na kumwonyesha kama mtu aliyeushinda udhalili wa kuzaliwa kwake kwa kipawa.

Enzi za uhai wake alipata heshima kadhaa. Alitunukiwa nishani ya MBE ya Uingereza na tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong kwa waandishi wa Kiafrika. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, alistaafu akiwa karani, na baadhi ya vitabu vyake vya mwisho vilitolewa Tanga kwa juhudi zake mwenyewe.

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Shaaban Robert aliishi katika nchi huru kwa takriban miezi sita tu. Alifariki dunia Tanga, Juni 1962. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote ni miongoni mwa kazi zilizochapishwa wakati mwenyewe yuko kaburini.

Jijini Dar es Salaam kuna mtaa na shule ya sekondari vyenye jina lake. Kusadikika ilisomwa shuleni kwa miongo mingi Tanzania na Kenya, na wengi waliopitia madarasa hayo bado wanaweza kuwataja Karama na Majivuno bila kufungua kitabu.

Vijana wa mijini wanaotunga michezo, katuni na filamu huwatafuta mashujaa wao mbali, na si kosa. Shaaban Robert naye aliwatafuta Basra na Baghdad. Kilichompa haki ya kuwaita wake ni kazi aliyoifanya baada ya kuwapata: aliwauliza upya wanataka nini, wanaogopa nini na wanastahili hukumu gani, na pale jibu la zamani lilipomaliza kwa kifo, yeye aliandika msamaha.